Nyumba ya Walalamishi

Baba yangu aliuza nyama Rwezamenyo, mtaa wa Kigali, tangu kabla sijazaliwa, na katika miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kumsikia akisema kwamba kitu kinamuuma. Siku moja, nikiwa msichana, kisu kilimteleza kikamchana kiganja mbele ya mteja. Alijifunga kitambaa, akapima nyama, akarudisha chenji, akamtakia mteja siku njema, ndipo akaingia ndani kukaa chini. Mama, Mungu amrehemu, alimfokea sana. Yeye akajibu, "Iko sawa." Ndivyo alivyojibu kila jambo. Vita vilipoanza huko kaskazini na biashara ikaanguka, ilikuwa sawa. Mama alipotutoka, ilikuwa sawa. Na ugonjwa ulipomwingia tumboni ukaanza kumla kidogo kidogo, nao pia ulikuwa sawa.

Wanaonijua watakwambia kwamba hilo sikulirithi. Mimi nasema. Nilikuwa na hoteli ndogo hatua chache kutoka kwenye bucha lake, nikipika ndizi, maharage, wali, na nyama kutoka kwa baba, na muuza mkaa akiniletea gunia la vumbi, mtaa mzima ulipata habari kabla ya adhuhuri. Baba alikuwa akitikisa kichwa, akisema mdomo huu nimeuchukua kwa bibi mzaa mama. Huenda ni kweli. Bibi huyo nilimpenda.

Daktari wa hospitali kubwa alituita mimi na kaka yangu, akatuambia kwa upole kwamba hakuna tena cha kukata wala cha kudunga kitakachomponya mzee. Kilichobaki ni kumuuguza asiteseke. Tulilia pale pale ukumbini, watu wakipita na ndoo zao na vikapu vyao. Lakini kilio kina mwisho wake, na kikiisha swali linakungoja: nani atamuuguza, na wapi?

Mtaa ulikuwa na jibu lake. Mzee huuguzwa nyumbani, na mtoto anayempeleka baba yake kwa watu baki amemtupa. Tulijaribu nyumbani. Dawa zenye nguvu hazikuwa za kununua dukani; zilitaka mtu wa kuzitoa na kuzisimamia, na muuguzi aliyekubali kuja kwetu alikaa ng'ambo ya vizuizi vya barabarani, ambapo jua likizama hata kitambulisho kizuri hakikusaidii. Nilimkuta baba amegeukia ukuta, meno yameumana, shati limelowa. "Baba, inauma?" "Hapana, mama. Iko joto tu." Mwezi wa saba Kigali asubuhi watu wanavaa sweta, nami nilikuwa nimejifunga shuka mabegani nikimsikiliza akiniambia habari ya joto.

Sikuogopa kifo chake. Sisi ni waja, na yeye alikuwa amejiandaa kuliko mimi. Nilichoogopa ni kwamba atakufa na maumivu yake mdomoni, ameyameza kwa adabu, na sisi tumekaa pembeni tukimsifu kwa uvumilivu. Waswahili walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Baba yangu hakuwa anaficha maradhi. Alikuwa anaficha uchungu wake, tena anauficha kwa watoto wake mwenyewe, na nilijua hataacha kwa sababu mimi ninamwomba.

Kwa hiyo tukaanza kutafuta nyumba. Siku hizo nyumba za kuuguzia watu ambao hospitali imewaaga zilikuwa chache mno. Tulisikia habari za mbili.

Ya kwanza aliipata kaka. Kaka yangu alikuwa na cheo serikalini, mtu wa suruali yenye mkunjo na Kifaransa cha kuandikia, na ni mtu mwema. Nalisema mapema kwa sababu baadaye nitamgombeza. Nyumba yenyewe ilikuwa kwenye mteremko wa kuelekea Masoro, ambako leo kuna viwanda na maghala lakini wakati ule yalikuwa mashamba ya mtama na njia ya ng'ombe. Mkurugenzi alitupokea mlangoni. Tuliketishwa sebuleni, kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma. Zikaletwa Fanta, zikafunguliwa mbele ya macho yetu kama heshima inavyotaka, ili mgeni aone hakuna aliyetangulia kugusa. Tukazungumza habari za mvua iliyopita na mvua ijayo. Ndipo tukatembezwa.

Sikuona doa. Sakafu ilikuwa ya kujitazamia uso, shuka nyeupe, maua dirishani, hakuna harufu. Mkurugenzi alisimama kwenye kila kitanda, akasalimia, "Amakuru?" Na kila mgonjwa akajibu, "Ni meza." Habari? Njema. Kitanda baada ya kitanda, njema, njema, njema. Wengine walijibu wamefumba macho.

"Unasikia utulivu huu?" kaka aliniuliza chini chini.

Niliusikia. Nilirudi nao mpaka Rwezamenyo na ukaninyima raha jikoni. Kaka alikuwa ameshaamua. Alisema baba anastahili mahali safi penye watu wenye nidhamu, na kwamba ameshazungumza na mkurugenzi. Mimi nikamwambia anipe siku chache. Akauliza nimeona kasoro gani. Sikuwa nimeona hata moja, na hapo ndipo moyo wangu ulipokwama.

Niwaambie kitu kuhusu kuuza chakula katika mji huu. Mteja wa Kigali halalamiki. Ukimpa maharage yaliyoungua atayala, atasema ni mazuri, atakushukuru, atakuaga kwa mikono miwili, na hutamwona tena mpaka siku ya kiyama. Nilipoanza hoteli nilifurahia sifa zile nikashangaa mbona viti ni vitupu. Baadaye nikafahamu. Waliokuwa wakinipigia kelele mbele ya watu kwamba chumvi imezidi, kwamba wali wa jana ulikuwa bora, kwamba kikombe kina ufa, ndio waliokuwa wakija kila siku. Walijua sahani nitaibadilisha. Mtu wa kwetu halalamiki mahali ambapo hatasikilizwa. Anaona ni kujivunjia heshima bure. Na mle ndani ya nyumba nyeupe hakuna hata mmoja aliyelalamika. Hata chai hakuna aliyesema imepoa.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini mgeni haingii ndani. Mgeni anaishia kwenye Fanta. Ikabidi nitafute namna ya kutokuwa mgeni.

Njia ilikuwepo, tena ya siku zote. Kwetu tunaita kugemura: kumpelekea mgonjwa chakula pale alipolazwa. Hospitali inatoa dawa, chakula kinatoka kwa ndugu, na mwanamke mwenye kikapu na chupa ya uji hakuna anayemtazama mara mbili. Na mgonjwa asiye na mtu hulishwa na ndugu wa kitanda cha jirani. Hilo hakuna aliyelifundisha, ndivyo tulivyokuta. Basi nikapika uji wa mtama, nikautia maziwa na sukari, nikaujaza chupani, nikarudi kule kwenye mteremko peke yangu saa ya chakula. Nikamwambia wa getini nimekuja kumgemuria mgonjwa asiye na ndugu.

Alishangaa kidogo. Alisema hapa wagonjwa hawagemuriwi, wanapewa kila kitu. Nikamwambia sadaka ya Mwislamu hairudishwi. Sijui kama aliamini, ila aliniruhusu.

Walinipeleka kwa bibi mmoja aliyelala karibu na dirisha la maua. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nilimuuliza hali, akasema ni meza. Nilimuuliza kama wamempa maji, akasema wamempa. Nikamimina uji kikombeni, nikamwinua kichwa, naye akaunywa wote bila kupumzika, akakitazama kikombe. Nikajaza tena. Wakati huo akapita muuguzi mlangoni, msichana mzuri, uso wa huruma, akaita, "Mukecuru," yaani bibi, "uko sawa?" Bibi akajibu kwa sauti ya kuchangamka kwamba yuko sawa, Mungu ashukuriwe. Muuguzi akatabasamu akaenda zake. Chini ya shuka mkono wa yule bibi ulikuwa umeushika ukingo wa kitanda, na haukuachia muda wote nilipokuwa pale.

Sitaki kuwaonea watu wale. Hawakuwa wavivu wala wakatili. Walikuwa wakiuliza, kila saa walikuwa wakiuliza. Kosa lao lilikuwa kuliamini jibu. Wamezaliwa katika nchi hii, wamelelewa na mama walewale waliotufundisha sote kwamba mtu mzima hatangazi shida zake, na bado wakisimama mlangoni wakiuliza "uko sawa?" wanakwenda kupumzika wakiambiwa ndiyo. Nilitoka pale nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Nilimpelekea bibi yule uji kila nilipoweza, mpaka alipofariki.

Nyumba ya pili ilikuwa upande wa Kicukiro, nyuma ya soko, na nilikwenda na chupa yangu ya uji vilevile. Kabla sijafika uani nilidhani watu wanagombana. Mzee mmoja alikuwa akisema kwa sauti kwamba maharage haya yangeweza kujengea nyumba. Mwanamke akajibu kutoka chumba kingine kwamba afadhali maharage, yeye amelala na jirani anayekoroma kama gari bovu. Mwingine alikuwa anaita kwamba dawa yake imechelewa, imechelewa, ama wanataka aende kuichukua mwenyewe? Na mtu alikuwa anakimbia kumpelekea. Nilimwona, viatu mkononi.

Nilisimama uani nikacheka peke yangu. Nilijisikia niko hotelini kwangu mchana.

Mkuu wa nyumba alikuwa mama mnene, muuguzi wa kusomea, aliyekulia Buyenzi kule Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Hakunikaribisha sebuleni, kwa sababu sebule ilikuwa imejaa vitanda, na hakunipa Fanta. Alinipa kisu na beseni la viazi. "Kama umekuja kusaidia, saidia," alisema. "Kama umekuja kutazama, tazama huku unamenya."

Nikamenya, na nikatazama. Paa lilikuwa limewekewa mabati ya rangi tatu. Shuka zilikuwa na viraka, ila viraka vilikuwa safi. Choo kilikuwa nje na njia yake ilikuwa mbaya wakati wa mvua. Nilipouliza kama wamewahi kuuguza Mwislamu, mpishi hakuniambia kwamba wanapokea dini zote. Alinyoosha mwiko kuelekea dirisha la pembeni, akasema, "Kibla iko huku. Kitanda tunageuza. Na birika ya maji ya kujisafisha inakaa chini, upande wa mkono wa kushoto, mutu asihitaji kuiomba." Nikaendelea kumenya viazi vyangu.

Kisha nikaona jinsi wanavyofanya. Yule mama wa Buyenzi aliingia kwa mgonjwa mpya, mwanamume wa makamo aliyeletwa juzi yake, ambaye bado alikuwa ananyamaza. Hakumuuliza kitu. Alivuta kigoda, akaketi kwa kishindo, akashika goti lake. "Goti hili limenikataa leo," alisema. "Tangu asubuhi. Nikipanda ngazi mbili nataka kulia. Na mgongo nao umeona goti linapewa sifa, umeanza." Akaendelea hivyo, akilalamika kuhusu mwili wake kama mtu aliye na mchana mzima. Mgonjwa alimpa pole. Akampa pole tena. Mwishowe, taratibu, kwa adabu ya mtu anayemliwaza mwenzake, akasema hata yeye upande huu, hapa chini ya mbavu, usiku huwa hapamwachi alale. "Hapa?" "Hapa na nyuma." Akainuka na goti lake bovu akaenda kuleta dawa.

Nilimfuata jikoni. Nilimuuliza mbona wagonjwa wake wana kelele hivi.

"Wakinyamaza ndipo ninaogopa," alisema. "Mutu wa huku, umuulize 'unaumwa?', atakuambia hapana hata kama nguo zake ziko zinawaka moto. Ni aibu. Basi sisi hatuulizi. Sisi tunaanza kulalamika, na yeye anatufuata. Hataki kutuacha peke yetu katika aibu."

"Na dawa kali zikikosekana?"

"Zinakosekana. Vita hii, barabara hizi. Zikikosekana tunamwambia mgonjwa zimekosekana, na tunakaa naye. Hatumwambii avumilie. Kuvumilia anajua, hakuja hapa kujifunza."

Nilikuwa nimekwenda na maswali mengi kichwani. Baada ya jibu hilo sikuona haja ya mengine. Nyumba ile haipo tena leo. Mwaka wa tisini na nne haukuacha kitu mahali pake, na hayo siyasemi hapa; mtu ninayemsimulia alikufa kitandani, na watoto wake wakamzika, na sisi wakati ule hatukujua kwamba hiyo ni neema kubwa.

Kumwambia kaka ilikuwa kazi. Alikwenda kuiona, akarudi amekunja uso. Alisema ni nyumba ya fujo, choo cha nje, na baba ni mtu wa heshima, atafedheheka kulala katikati ya walalamishi. "Watasema mimi na cheo changu nimemtupa baba yangu kwenye ghala," alisema. Alikuwa amekaa hotelini kwangu, amemaliza chakula cha mchana.

"Kaka," nikamwambia, "umekula hapa miaka mingapi?"

"Tangu umefungua."

"Umewahi kuniambia chakula changu kina kasoro?"

"Hapana. Ni kizuri."

"Niambie ukweli. Kwa uhai wa baba."

Aliitazama sahani. "Chumvi yako huwa nyingi," alisema. "Nyingi sana. Na ndizi unazitoa mapema." Miaka yote hiyo! Ndugu yangu wa tumbo moja alikuwa akimeza chumvi yangu na kunishukuru. Nilitaka kukasirika nikashindwa, nikacheka, naye akacheka, kisha akaacha kucheka. Nadhani alikuwa amemwona baba ndani yake mwenyewe. Alijifuta mdomo, akasema, "Tumpeleke huko Kicukiro. Lakini nikiona haifai, namtoa."

Baba tulimuuliza pia, maana ni mwili wake. Alisema popote ni sawa.

Siku za mwanzo nilidhani nimekosea, na mimi si mtu wa kudhani hivyo mara kwa mara. Yule mama wa Buyenzi aliketi, akalalamikia goti, akalalamikia mgongo, akafika mpaka kwenye jino. Baba akampa pole kwa kila kiungo. Akamshauri achemshe mifupa ya kwato mpaka usiku uingie na anywe supu yake, ndiyo dawa ya magoti. Akamwelekeza bucha la kununulia. Wagonjwa wengine wakasikia kuna mzee mwenye maneno mazuri, wakaanza kumletea malalamiko yao, naye akawasikiliza mmoja mmoja kama kadhi. Juu yake mwenyewe hakusema neno. Nilikuwa namwona akikunja vidole vya miguu chini ya blanketi. Dawa walimpa kwa kukisia, wakimtazama uso, lakini kukisia ni kukisia.

"Baba yako ni ngome," mama yule aliniambia. "Usimsukume."

Nikauliza, "Na muda ukiisha?"

"Muda utaisha," alisema. "Usimsukume."

Kilichoivunja ngome ni nyama. Ilikuwa sikukuu na mtu alikuwa ametoa sadaka ya mguu wa ng'ombe. Mpishi akaupika, baba akaletewa kipande chake kwenye sahani. Nilikuwepo. Alikitafuna mara moja, akakitoa mdomoni, akakitazama kwenye mwanga.

"Nani alikata hii nyama?"

Mpishi aliitwa, akaja akijifuta mikono kwenye kanga.

"Mama, hii umekata kwa urefu wa nyuzi," baba akasema. "Nyama inakatwa kuvuka nyuzi. Hii utaitafuna mpaka uzeeke. Umeharibu munyama wa watu." Hakuwa amewahi, katika maisha yake, kumwambia mtu aliyemkaribisha chakula maneno kama hayo. Na mpishi hakununa wala hakuomba radhi kwa haraka ili mambo yaishe. Alivuta kigoda akaketi, akaomba aonyeshwe. Baba akamwonyesha kwa kidole, kwenye kipande kile kile, nyuzi zinapita wapi na kisu kipite wapi. Aliondoka na sahani na baadaye akarudi na nyingine, imekatwa sawasawa. Baba akala kidogo, maana tumbo lilikuwa halipokei, ila alikula.

Kisha, akiwa bado anaitazama sahani, akasema, "Na hapa panauma."

Aliweka mkono chini ya kitovu. "Panauma sana. Usiku ni kama kuna mutu anasokota kitambaa. Tangu mwezi wa tano." Hakuwa anazungumza na mimi. Alikuwa anamwambia mpishi. Mpishi akamwita mama wa Buyenzi, naye akaja, na baba akayarudia yote, hatua kwa hatua, mahali, saa, namna, kama mtu anayetua mzigo wa kuni na kuupanga vizuri ukutani. Nilitoka uani nikalia. Nililia kwa furaha, na pia kwa mwezi wa tano.

Tangu hapo walijua cha kumpa na wakati wa kumpa, kabla maumivu hayajaamka. Siku nyingine dawa zilikosekana, wakamwambia, naye akakasirika, na kukasirika kwake kulinituliza kuliko subira yake ya miezi. Alilala. Uso ulimlegea akafanana na picha yake ya ujana. Alilalamikia mto, akalalamikia redio ya jirani, akalalamikia kaka yangu kwamba anakuja na viatu vinavyolia. Kaka akaenda akanunua ndala.

Alasiri moja, mimi na kaka tukiwa kando ya kitanda chake, nilikuwa nikinyoosha shuka, nikimsimulia mambo ya mtaani, nani kaoa, nani kafunga duka, nikimuuliza kama anataka maji, kama anataka nimgeuze, kama nimsomee Yasini. Akafungua macho.

"Mama," alisema, "unaongea sana. Tangu mutoto unaongea sana. Sikutaka kukuambia." Akapumua. "Nyamaza kidogo, unishike mukono."

Nikanyamaza, nikamshika. Ilikuwa ngumu kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya. Kaka alikaa upande wa pili. Baba alifariki asubuhi baada ya swala, kitanda kimegeuzwa, shahada imetamkwa, na yule mama wa Buyenzi amesimama mlangoni amevua viatu.

Tulimzika siku hiyo hiyo. Matangani wanaume walikaa nje kwenye mikeka, na kila aliyefika aliuliza kama desturi inavyotaka, mzee aliondokaje. Jibu la swali hilo kwetu linajulikana, na ndiyo sifa kubwa kabisa ya maiti: aliondoka vizuri, hakumsumbua mtu. Rafiki yake wa zamani, muuza nyama mwenzake, aliketi karibu na kaka akamuuliza hivyo, na mdomo wake ulikuwa umeshajiandaa kuitikia.

"Alitusumbua," kaka yangu akasema.

Yule mzee akamtazama. Nadhani aliona msiba umempiga kichwani.

"Alimsumbua mpishi kwa nyama," kaka akasema. "Akawasumbua wauguzi. Akanisumbua mimi kwa viatu, akamsumbua dada yangu kwa mdomo wake. Kila kilichomuuma alikisema, na walimsikiliza mpaka siku ya mwisho. Alhamdulillahi." Akafuta uso kwa mkono wa kanzu. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe, nikalia kwa sauti mbele ya wanaume wote, na sikujificha.